Mlango wa Kiwanda cha Suruali

Nchi ninayoisimulia ipo, ila ukiiulizia kwa jina utaambiwa jina lake bado liko kwenye mjadala, na mimi sitaki kuonekana nimeegemea upande. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, hupata mvua mara moja moja, na zaidi ya yote ina midahalo. Uhuru wa maoni huko ni mkubwa mno. Katiba yao inasema bila kificho kwamba kila mtu ana haki ya kuwa na maoni binafsi, ilmradi yabaki kuwa binafsi.

Zamani walikuwa na Wizara ya Kazi, na watu walikwenda huko kulalamika. Mheshimiwa Sospeta Malugu alipoteuliwa kuwa waziri, aligundua jambo ambalo mawaziri wote waliomtangulia hawakuliona: kwamba malalamiko si kitu kingine ila ni maoni ya mtu aliyekasirika. Akaivunja Wizara ya Kazi, akaunda Wizara ya Maoni, akaiongoza mwenyewe. Tangu siku hiyo nchi haikuwa tena na mtu mwenye malalamiko. Ilikuwa na watu wenye mitazamo tofauti. Mitazamo hiyo ilipelekwa kila Alhamisi jioni kwenye televisheni ya taifa, katika kipindi cha Mdahalo Mkuu, kilichoongozwa na Bwana Fikirini, kijana mtanashati mwenye kipaji cha kutikisa kichwa kwa namna ambayo pande zote mbili zilidhani yuko nazo.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aliyeitwa Zamda, ambaye alipatwa na bahati mbaya ya kujua jambo kwa macho yake.

Zamda alikuwa mshonaji katika kiwanda cha suruali. Suruali zenyewe zilikwenda kuvaliwa na watu wa nchi za baridi, na nasikia zilikuwa nzuri. Kiwandani hapakuwa na wafanyakazi. Neno hilo lilikwishafutwa. Wote waliitwa washirika. Mshirika hapewi likizo, maana mtu hawezi kuomba ruhusa kwenye shughuli yake mwenyewe. Mshirika haugui kazini, huugua kwake. Mshirika hafukuzwi, huachiwa huru. Mambo haya walielezwa siku ya kwanza na Bi Leokadia, Meneja wa Furaha, kwa sauti laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale, kisha kila mmoja akapewa fulana ya njano iliyoandikwa kifuani "Najiamini".

Karakana ilikuwa na lango kubwa upande wa mbele, na nyuma kabisa, jirani na mashine za kupiga pasi kwa mvuke, palikuwa na mlango wa pembeni. Huo wa pembeni ulikuwa umefungwa kwa kufuli kutokea nje. Msimamizi wao, Bwana Kigwasi, alieleza kwamba mshirika akiona mlango uko wazi huanza kuwaza mambo ya nje, na mawazo ya nje hupindisha mshono. Ufunguo alitembea nao kiunoni.

Asubuhi moja bomba la mvuke likapasuka katikati ya karakana. Waliokuwa mbele walitoka. Waliokuwa nyuma hawakuweza kupita penye mvuke ule, wakakimbilia mlango wa pembeni, wakauvuta, wakaupiga kwa ngumi na kwa vigoda, wakaita. Bwana Kigwasi hakuwepo. Alikuwa mjini, kwenye hoteli, akihudhuria semina ya usalama kazini, na ufunguo ulikuwa naye hukohuko kwenye semina. Mlinzi wa nje alisikia makelele, akazunguka kutafuta chuma cha kuvunjia kufuli, asikipate. Mpaka mtu mmoja alipofanikiwa kuufunga mvuke, Tausi alikuwa amekwisha kufa.

Tausi alikuwa rafiki yake Zamda. Mashine zao zilikuwa jirani, chakula walikula sahani moja, na walikuwa na mtindo wa kumwiga Bi Leokadia kwa kunong'ona mpaka wote wawili machozi yawatoke kwa kucheka. Tausi ndiye aliyefika mlangoni wa kwanza. Kwa hiyo akawa chini ya wote.

Kampuni ilitoa tangazo la masikitiko. Lilisema kwamba mshirika Tausi alikuwa amekatisha ushirika wake ghafla, bila kutoa taarifa. Bwana Kigwasi alirudi na cheti cha semina, na kwa kuwa ndiye pekee kiwandani mwenye cheti hicho, akapandishwa kuwa Mkuu wa Usalama.

Zamda alikuwa miongoni mwa waliomwosha Tausi. Aliiona mikono yake, akaona kucha zilivyovunjika. Wenzake walilia, yeye hakuweza. Aliondoka pale bila kumuaga mtu, akaenda moja kwa moja Wizarani.

Wizarani alipokewa vizuri. Nchi ile ina ustaarabu sana. Afisa alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza maoni yanayompinga yako wapi. Zamda hakuelewa. Afisa akamweleza kwa subira kwamba Wizara haipokei maoni ya upande mmoja, huo ungekuwa upendeleo. Akitaka hoja yake ya mlango kufungwa ipokewe, aje na mtu anayeamini kwamba mlango ulikuwa wazi, wapokewe pamoja.

"Lakini mimi nilikuwepo," Zamda alisema.

"Ndiyo shida yenyewe, dada yangu," afisa akamjibu kwa huruma. "Aliyekuwepo tayari ana upande."

Zamda alimwambia kiwanda kiko hapo chini tu, barabara ya pili, wanaweza kwenda sasa hivi kwa miguu wakaliangalie kufuli, kwa sababu bado liko palepale. Kampuni ilikuwa imeshalitengeneza bomba na kuwarudisha watu kazini, mlango hakuna aliyeugusa. Afisa alishtuka kidogo. Alisema Wizara yao ni ya Maoni. Mambo ya kwenda kuangalia hayamo katika majukumu yake.

Hata hivyo habari ilisambaa, na Mheshimiwa Malugu, ambaye hakuwahi kuuacha mjadala upite bila yeye, akaagiza jambo lile lipelekwe kwenye Mdahalo Mkuu. Mada iliandikwa kwa uangalifu ili isimuumize mtu: "Je, mlango umefungwa, au haujafunguliwa?"

Zamda alialikwa awe Mwananchi wa Kawaida. Kilikuwa kiti rasmi pale studio, kifupi kidogo kuliko vingine. Walimpaka poda, wakamwomba avae ile fulana ya njano, akakataa, wakamfungia kanga ya rangi za bendera. Upande mmoja alikaa Mheshimiwa Waziri, upande wa pili Mheshimiwa Chuwa, kiongozi wa upinzani, na katikati alikaa Profesa Ng'wandu wa chuo kikuu, aliyeletwa kutoa mwanga.

Profesa alianza. Alisema tukitaka kuwa wakweli lazima kwanza tujiulize mlango ni nini. Ukuta nao, alisema, ukiutazama kwa undani, ni mlango ambao haujapata fursa. Bwana Fikirini alitikisa kichwa. Waziri akasema serikali yake imefungua milango ya uwekezaji, milango ya fursa na milango ya elimu, hivyo inamshangaza mtu anayeacha milango yote hiyo akang'ang'ania mmoja wa pembeni. Hapo Mheshimiwa Chuwa akawaka. Alipiga meza, akasema serikali hii imewasaliti wanyonge, akasema ni aibu, tena ni aibu ya kitaifa, kwamba kufuli lililofunga mlango ule limetengenezwa ughaibuni. Aliapa kwamba chama chake kikishika dola, kila mlango wa kiwanda utafungwa kwa kufuli la hapahapa nyumbani, litakalotengenezwa na vijana wa hapahapa nyumbani. Watazamaji studioni walipiga makofi hadi taa zikatikisika.

Kisha Zamda akapewa nafasi. Alikuwa amejiandaa kusema mengi, lakini alipofungua mdomo yakatoka machache.

"Mlango umefungwa kwa kufuli," alisema. "Tausi amefia hapo. Na kesho asubuhi tunaingia tena humohumo."

Bwana Fikirini alimshukuru kwa hisia zake. Akawakaribisha watazamaji wapige kura kwa simu, na kabla ya taarifa ya habari matokeo yakatoka: wengi walikuwa wamesema mlango uko wazi. Waziri alimpa mkono Mheshimiwa Chuwa, Mheshimiwa Chuwa akampongeza Waziri kwa ukomavu, na kuanzia hapo mlango ule ukawa wazi kwa mujibu wa demokrasia. Asubuhi washirika waliingia kazini, kufuli likining'inia nje, na Bwana Kigwasi akapita kila safu kuwapa hongera.

Ningependa kusema kwamba wananchi walikasirika. Hawakukasirika, walichangamka. Nchi nzima ikagawanyika kuwa Wafunge na Wafungue, fulana zikachapwa, vijana wa mtandaoni wakatukaniana mama zao, na harusi mbili tatu zikavunjika. Watu ambao hawakuwahi kushika sindano walieleza hali ya viwanda kwa ufasaha wa kutisha. Tausi hakutajwa. Ilionekana kumtaja ni kuchochea.

Hata nyumbani kwa Zamda jambo lilifika. Mumewe, Hemedi, fundi pikipiki, alikuwa mtu mpole asiyependa ugomvi, na alijivunia kwamba yeye hafuati mkumbo. Asubuhi moja, akiwa anakunywa chai, alisema ametafakari pande zote na anaona kila upande una hoja. Zamda alimtazama. Akamuuliza kama alimjua Tausi. Hemedi akasema alimjua sana, Mungu amrehemu, lakini mtu ajitahidi kuwa na uwiano. Alisubiri mumewe aingie chumbani kuvaa, akauvuta mlango taratibu, akaufunga kwa ufunguo, akaenda kazini.

Jua lilipopanda, bati lilipoanza kuchemka, Hemedi akaanza kugonga. Jirani, mama mmoja muuza maandazi, alisikia, akaja hadi dirishani, lakini Zamda alikuwa amempitia akienda kazini, akamwachia ufunguo na kumwomba jambo. Kwa hiyo yule mama hakufungua. Aliketi kwenye ngazi akamuuliza Hemedi kwa sauti ya staha kabisa kama mlango, kwa maoni yake, umefungwa au haujafunguliwa. Nasikia mwanzoni Hemedi alicheka. Baadaye alitukana. Baadaye zaidi akanyamaza kabisa, na hapo ndipo jirani akafungua, kwa sababu ule ukimya ulimtisha.

Zamda aliporudi jioni alimkuta mumewe amekaa kwenye mkeka uani. Alijiandaa kwa ugomvi. Wala hakuwa na nia ya kuomba radhi. Hemedi akamuuliza mlango wa kiwandani unafunguka kuelekea wapi. Zamda akasema ndani.

"Basi bawaba zake ziko ndani," Hemedi alisema. "Kufuli waachie lao."

Akaleta bisibisi, nyundo ndogo na oili, akamfundisha mkewe kwenye mlango wao wenyewe namna ya kung'oa pini za bawaba. Zamda alirudia mpaka mikono ikaizoea kazi.

Alhamisi iliyofuata, asubuhi, mashine ya Zamda ilizimika. Ikazimika ya pili yake, na ya tatu, safu nzima ya nyuma ikanyamaza. Bi Leokadia alikuja mbio akiwa na tabasamu, akauliza kuna changamoto gani ya kifuraha. Zamda alikuwa amepiga magoti mlangoni, ametia oili, anagonga pini kwa nyundo, na wanawake wamemzunguka bega kwa bega wakiwa wametazama nje ya duara. Bwana Kigwasi aliwaamuru watawanyike. Hawakutawanyika. Aliwaambia kwa cheo chake cha Mkuu wa Usalama kwamba kung'oa mlango ni hatari kwa usalama. Mwanamke mmoja, mkubwa wa umbo, ambaye siku ile ya mvuke alikuwa juu ya Tausi na tangu hapo alikuwa haongei na mtu, alimsogelea mpaka pumzi zao zikagusana, na Bwana Kigwasi akarudi nyuma mwenyewe.

Pini ya mwisho ikatoka. Waliuvuta mlango kwa upande wa bawaba, mbao za fremu zikapasuka, komeo likang'oka pamoja na kufuli lake, na upepo ukaingia karakana. Hakuna aliyeshangilia. Mmoja aliketi chini akajifunika uso kwa mikono yenye vumbi la vitambaa, akalia kwa sauti.

Waliubeba mlango ule begani hadi televisheni ya taifa, wakapokezana njia nzima. Jioni waliingia nao studio katikati ya Mdahalo Mkuu, wakati Profesa Ng'wandu akieleza historia ya bawaba, wakaulaza juu ya meza, mbele ya kamera. Kufuli lilikuwa bado limefungwa. Na upande wa ndani, kuanzia usawa wa kifua kushuka chini, rangi ilikuwa imekwanguliwa kwa mistari mistari, mistari ya vidole.

Studio ilinyamaza. Naapa ilinyamaza. Kwa muda mfupi watu wale wote, wenye suti na wenye tai, walikuwa na sura za binadamu.

Kisha Profesa akakohoa, akasema mlango uliotolewa kwenye fremu yake umepoteza muktadha. Mheshimiwa Chuwa aliligeuza kufuli, akasoma maandishi ya kigeni chini yake, akasema yeye alisema. Na Mheshimiwa Malugu, baada ya kufikiri kidogo, akasimama, uso uking'aa. Aliwauliza watazamaji: kama mlango uko hapa mezani, kule kiwandani kuna nini? Akajijibu kwamba kule pako wazi. Kwa hiyo wale waliosema mlango uko wazi walikuwa sahihi tangu mwanzo, na serikali yake sikivu imetimiza ahadi. Bwana Fikirini alitikisa kichwa. Makofi yakaporomoka.

Zamda aliachiwa huru kesho yake, na wenzake wa safu ya nyuma wakaachiwa huru pamoja naye. Kampuni iliagiza mlango mpya, wa chuma. Lakini fundi alipofika kuupachika aliwakuta wanawake wote wa karakana, wa nyuma na wa mbele, wamesimama nje, na hakuna aliyekubali kuingia mpaka ule wa chuma uondoke na walioachiwa warudi. Walisimama hivyo siku baada ya siku. Kampuni ilitafuta washirika wapya, wapya wakafika, wakaliona lile pengo ukutani na wanawake waliosimama mbele yake, nao wakasimama. Huko kwenye baridi watu wakaanza kuulizia suruali zao. Kampuni ikauondoa mlango wa chuma, ikawarudisha wote wa safu ya nyuma, isipokuwa Zamda, ambaye ilisema ana maoni mengi.

Waziri akaamua kuja kulizindua pengo. Ulifungwa utepe mwekundu kukatiza uwazi wenyewe, na washirika wakapangwa nyuma yake, ndani, wamevaa fulana za njano, ili picha ipendeze. Mama yake Tausi, Bi Sauda, aliletwa kwa gari la Wizara na kukalishwa mstari wa mbele. Alikuwa amepewa karatasi ya kusoma, ya kumshukuru Mheshimiwa. Zamda alisimama nje ya kamba ya kuzuia watu, pamoja na watazamaji.

Waziri alichelewa. Joto likapanda. Mashine za pasi ziliwashwa ili wageni waone shughuli, mvuke ukaanza kutanda kati ya washirika na lango la mbele, na wanawake kule ndani wakaanza kusogeana. Mmoja akauliza kama wanaweza kutoka kidogo wapumue. Mlinzi akasema utepe haujakatwa. Mwingine akasema mwenzao anaishiwa nguvu. Mlinzi akasema anasikitika, lakini mkasi anakuja nao Mheshimiwa.

Bi Sauda aliinuka. Alikuwa mwanamke mdogo, mkongwe, aliyekuwa hajasema neno tangu ateremke garini. Aliiacha karatasi kwenye kiti, akatembea hadi kwenye utepe, akamwambia mlinzi, "Baba, nimeshazika mmoja."

Mlinzi alitazama chini. Zamda alikuwa ameshavuka kamba. Aliushika utepe kwa mikono miwili, akauvuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo mpaka ukakatika na kumchana kiganja, na wanawake wakatoka mmoja mmoja, wakimshika Bi Sauda mkono wanapopita, hadi karakana ikabaki tupu.

Waziri alikuta utepe uko chini. Alhamisi hiyo Mdahalo Mkuu ulijadili kama utepe ulikatwa au ulikatika, na ninavyosikia hawajafikia mwafaka. Mlango wenyewe uko Makumbusho ya Taifa, umepakwa rangi mpya.

Zamda hakurudishwa. Anashona nyumbani, mlango wa mbele ukiwa wazi, na ukimuuliza habari za siasa atakuambia utoke. Kule kiwandani pengo liko palepale. Kila asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, mwanamke mmoja huinuka, hutoka nje kupitia pale, husimama kidogo juani, kisha huingia. Wenzake humsubiri akiwa kule, mikono mapajani. Akirudi ndipo wanawasha. Meneja wa Furaha amewauliza mara nyingi maana yake ni nini, nao hawajamjibu.